Kimya Iko Bei

Cheki status za mbogi yako weekend hii. Lazima kuna mmoja ako katikati ya nyasi kavu, amekanyaga bikoni na mguu moja, miwani ya jua, viatu vumbi tupu, na caption ya kushukuru Mungu. Nyuma yake hakuna nyumba. Hakuna mti. Kuna mbuzi mbili na mawingu. Hiyo ndo luku ya saa hii Nairobi. Kitambo tulikuwa tunaringa na raba, sasa tunaringa na ploti. Eighth ya ekari Kamulu. Eighth Juja Farm. Eighth Kitengela, ile Kitengela ya ndani, yenye konda akiskia unashuka hapo anakuangalia mara mbili.

Na si mbaya. Mimi niko team kimya, kabisa. Sisi wa flati tunajuana. Msee wa juu anasukuma meza saa nane usiku. Wa chini amefungulia gengetone hadi vikombe kwa kabati zinacheza. Keateka anabisha tarehe tano, hata salamu hana. Maji ya Ijumaa inakuja Jumapili. Ukigonga 30 mwili unaanza kudai usingizi, na hiyo si uzee, hiyo ni akili. Kutaka pahali mtoi wako anaeza endesha baiskeli bila kuhepa nduthi ni kitu ya maana. Mtu asikucheke.

Ngori iko kwa bei. Ile namba imeandikwa kwa bango ya ploti ni ya kufunguliwa geti tu. Kimya yenyewe unailipia baadaye: kwa udongo, kwa maji, kwa barabara, kwa karatasi, kwa saa za kurauka. Ndo maana nasema hivi na sirudi nyuma: usinunue mtaa hujawahi lala. Panga huko kwanza. Mvua moja nzima ikupate hapo. Alafu ndo utoe doo.

Wazae hawataki kuskia hiyo kitu. Sema "kupanga" mbele ya mbuyu uone venye anashika kichwa. "Kupanga ni kutupa pesa." "Ardhi haiozi." "Mimi nikiwa na miaka yako..." Hapo ndo unamkatia. Buda, ukiwa na miaka yangu ulipata Buru! Buruburu ilianza kujengwa miaka ya 1970, ikaenda phase baada ya phase hadi ya tano, na msee aliingia akipata lami, mfereji, sewer, shule na shopping centre. Akalipa mos mos na mshahara. Mbuyu alinunua mtaa. Wewe unauziwa nyasi, alafu unaambiwa ujitafutie mtaa mwenyewe. Na huyo huyo wa "ardhi haiozi" ako na ploti mahali, alinunua kitambo na kampuni ya wazae wenzake, hajui bikoni ziko wapi, na kila Krisi anaahidi atatupeleka tuione. Bado tunangoja, mzae.

Kabla tuingie ndani, tumalize hii aibu ya majina. Msee anaishi Rongai, Rongai kabisa, ile ya Maasai Lodge, lakini ukimuuliza anakushow ako "Karen side". Wa Ruiru ako "karibu na Tatu City". Wa Joska ako "Kangundo Road, hapo tu". Wa Ruai anaita kwake "Eastern Bypass", na bypass si mtaa, ni barabara. Ukijibu swali la kwako na jina ya lami, umechoma picha. Rong'au iko na nganya kali kuliko mtaa yoyote hii city, zina graffiti ya maana na mahewa ya kutetemesha kifua, na bado unajificha nyuma ya Karen? Karen hawana hata mutura! Sema kwenu. Sema na kifua.

Sasa site visit. Jumamosi asubuhi, tao, van imebandikwa stika ya kampuni. Bure. Msee wa polo shirt anakugotea ka beshte wa primary. Njiani kuna gospel, kuna maji ya chupa, kuna stori ya msee alinunua hapo na laki mbili na saa hii anaitwa bosi. Mkifika kuna hema, viti za plastiki, pilau, soda baridi. Bendera ndogo zimepigwa laini. Nyasi imekatwa fresh ile side ya kupigia picha tu. Alafu inakuja ile laini yao ya taifa: "Ni dakika kumi kutoka lami."

Dakika kumi na nini? Na nani? Hawasemangi. Hiyo dakika kumi ni ya Land Cruiser, mwezi wa Januari, saa sita mchana, dere akiwa na haraka ya kurudi tao. Wewe utatembea. Utatembea saa moja usiku, umebeba unga, mvua imenyesha jana. So fanya hivi: mkishuka, waache na pilau yao. Tafuta mama mboga wa karibu. Nunua nyanya za fifty. Muulize maji wanatoa wapi, mat hufika wapi ikinyesha, na hii shamba ilikuwa ya nani kabla ikatwe. Ule mama anakaa hapo kila siku na hana commission. Akinyamaza kwa lile swali la tatu, rudi kwa van, kula pilau yao, na usitoe hata soo ya booking. Ile "offer inaisha leo" itakuwa hapo Jumamosi ijayo pia, na pilau ingine.

Hata hiyo eighth yenyewe, ipigie hesabu. Ekari moja ni futi 43,560 za mraba. Gawa na nane upate 5,445. Lakini wewe unauziwa 50 kwa 100, so 5,000. Ile ingine imeenda wapi? Imeenda kwa barabara ya ndani, na hiyo ni poa, juu bila barabara utaruka ukuta wa jirani kuingia kwako. So kuwa na adabu ya kudai kuiona. Ukifika site na ile futi 445 yako imelimwa mahindi na mtu mwenye hajulikani, uliza. Uliza na sauti.

Hapa kwa udongo nataka tukae kiasi, juu hapa ndo wasee wanaumia wakiwa wamenyamaza. Nairobi iko na udongo mbili na historia moja chafu. Side ya juu, Muthaiga, Karen, Lavington, kuna udongo nyekundu, baridi poa, miti. Wakoloni walijipatia hiyo. Walikaa huko na majani yao, na Mwafrika akawekwa Eastlands, kwa tambarare ya black cotton. Mpaka leo bei ya kimya inafuata hiyo ramani. Mababi wanalala kwa nyekundu. Sisi tunajenga kwa nyeusi. Hiyo inaniuma, na inafaa ikuume pia, juu hakuna mtu alichagua udongo wake.

Black cotton iko hivi. Mvua ikinyesha inakunywa maji na kufura. Jua likiwaka inakauka na kupasuka, nyufa za kuingiza mkono hadi kiwiko. Ukijenga juu yake, nyumba inapanda na kushuka nayo, na ukuta wako mpya wa Ndarugo unapata mstari kutoka kona ya dirisha hadi chini. Dawa ni kuitoa yote. Nilisimama juu ya shimo ya msingi huko Kitengela, fundi ako ndani, naona helmeti yake tu, na bado anarusha nyeusi. Anarusha, anapumzika, anarusha. Kando ya shimo kuna mlima wa udongo ushaanza kushikana, na lori inangojewa ije iubebe, alafu lori zingine zilete murram na hardcore za kujaza ile shimo. Hapo hakuna nyumba. Hakuna hata jiwe moja ya ukuta. Na mwenye ploti ashamaliza pesa alidhani itamfikisha kwa linta. So ukiskia Kitengela ni rahisi kuliko Ngong, uliza shimo inaenda futi ngapi kwanza. Jirani mwenye ashajenga atakushow bure, juu na yeye alilia.

Maji nayo. Side za Kitengela na Athi River borehole nyingi zina chumvi, na zingine zina fluoride ya kufanya meno za watoi ziwe brown. Sabuni inakataa povu. Chai inakuwa na ladha ya kitu hukuitisha. So unaoga na ya borehole, unakunywa ya kununua, na tenki ikikauka unaita bauza. Na bauza ni lori. Lori inataka barabara. Na barabara, mtu wangu, iko dakika kumi kutoka lami.

Karatasi hazina mchezo. Hapa weka simu chini uskie. November 2011 huko Syokimau nyumba zilibomolewa, maghorofa safi, geti za nguvu, watoi wakiwa shule, juu ilisemekana ardhi ni ya airport. Wasee walikuwa wamesimama nje wameshika karatasi zao. October 2023 ikarudi Mavoko, kwa ardhi ya East African Portland Cement, tinga zikapita tena. Hao hawakuwa wajinga. Walinunua, walijenga, walilipa stima. Ukiona tinga inaangusha jikoni ya mtu ndo utajua share certificate ya kampuni ya ardhi si title, na allotment letter si title, na ahadi ya "title inaprocessiwa" ndo kabisa si title.

So fanya search mwenyewe. Usiletewe photocopy ya search na yule yule anakuuzia. Nairobi rekodi zimekuwa zikihamia Ardhisasa, ile system ya ardhi ya online, tangu izinduliwe 2021, kwingine utaenda registry ya county. Cheki jina ya mwenye, cheki ka kuna mkopo ama caution imewekwa hapo. Kodi surveyor wako, aje na ramani ya registry, akuonyeshe bikoni moja moja, juu bikoni ni simiti na simiti inaeza hama usiku. Tafuta lawyer wako, si "lawyer wetu wa kampuni". Na ka ploti bado iko chini ya shamba ya kilimo, lazima consent ya Land Control Board. Alafu stamp duty: asilimia 4 ya thamani mjini, 2 mashambani. Ploti ya milioni 1.5 hiyo ni 60,000 ama 30,000, juu ya bei. Kwa bango hakuna mahali waliandika hiyo.

Na mortgage? Tuongee haraka juu inaleta stress. Chukua milioni 6, miaka 20, riba asilimia 14. Unalipa karibu 75,000 kila mwezi, na ukimaliza umetoa karibu milioni 18. Nyumba tatu, umeingia moja. Ukipata ile mikopo inapitia Kenya Mortgage Refinance Company, riba ikishuka hadi 9.5, hiyo hiyo milioni 6 inakuwa ka 56,000 kwa mwezi. Bado ni ganji nyingi, lakini kwa miaka 20 umeokoa zaidi ya milioni 4. So kabla usaini bank ya kwanza imekupea kalamu, uliza hiyo laini. Wengi wetu tunajenga na sacco, mara tatu ya akiba, chumba moja moja, na hakuna aibu hapo. Nyumba ya vyumba mbili yenye imeisha inapiga maghorofa yenye imesimama kwa slab miaka saba na vyuma zimetoka juu.

Tuseme umeweza. Umehamia. Usiku wa kwanza unalala na unaskia... vyura. Fiti sana! Hakuna ngoma, hakuna meza. Ukiwa side ya Kitengela ama Rongai unaeza skia fisi, juu Nairobi National Park iko hapo tu na side ya kusini haijazungushiwa fensi. Simba pia hutoka. 2012 huko Kitengela wasee waliua simba sita baada ya mifugo kuliwa. Hapo mwanzo ni wewe umehamia kwa njia ya mnyama, so funga geti na uheshimu.

Alafu saa kumi alfajiri alarm inalia. Hii ndo bili hakuna mtu huandika. Thika Road iko na laini nane tangu 2012 na bado Githurai inakushika. Expressway iko, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, lakini hiyo ni ya msee ako na dinga na pesa ya toll. Sisi wa mat tuko chini yake, tunaiangalia. Mvua ikidondoka tone moja tao, fea inadabo. Pigia hesabu saa zako: mbili kuenda, mbili kurudi, siku tano. Hiyo ni saa 20 kwa wiki. Kimya umenunua, lakini unaipata ukiwa umelala. Ka unafanyia job kwa hao, sawa, hiyo kimya ni yako mchana kutwa na nakuonea wivu. Ka job iko Upper Hill, fikiria mara mbili. Syokimau angalau iko na treni ya kuingia tao, na hiyo station inafaa iwekwe kwa bei ya ploti kuliko hizo bendera zao.

Gated community ndo ya wale wanataka kimya ishapikwa. Geti, askari, cabro, na service charge kila mwezi hadi ufe. Na kuna kamati. Na chairman wa kamati ni mzae amestaafu. Amekuwa akingoja hii power maisha yake yote. Usinike nguo balcony. Usiegeshe hapa. Usichome nyama Jumatano. Wageni watoke saa nne. Anaandika memo ya page tatu kuhusu kuku. Mbogi yako ikitoka Umoja na spika moja ndogo, WhatsApp ya mtaa inawaka: "Dear residents..." Huyo mzae ni kichekesho na hajui. Lakini soma hizo sheria kabla ulipe deposit, juu zikishasainiwa, kichekesho ako na sheria side yake.

Na kibandaski? Haiko. Smokie saa mbili usiku? Haiko. Chapo unaitisha na nduthi, inafika baridi, na delivery inashinda bei ya chapo. Hii ni kitu watu wa flati hatujui tuko nayo: kila kitu iko chini ya ngazi. Ukienda kukaa kwa kimya, jifunze kupika. Sibishani na hiyo.

Kitu ingine, kimya haikai. Kilimani ilikuwa bungalow na bustani, saa hii ni crane juu ya crane. Ruaka ilikuwa mashamba ya mboga, lami ikaja, Two Rivers ikafunguliwa 2017, sasa unafungua pazia unaona mtu akipiga mswaki. Hata Buru ya mbuyu imeota extension hadi kwa barabara. Alafu kuna kanisa ya mabati yenye inakujanga na spika mbili na kesha ya Ijumaa, na kuna club. November 2022 Kaunti ya Nairobi ilitangaza inafuta leseni za club ziko kwa mitaa ya makazi, juu watu walikuwa wamechoka. So uliza county hiyo side inaruhusiwa kujengwa nini. Ka jirani anaeza simamisha flati ya floor nane kesho, wewe umenunua kimya ya kukopeshwa.

So turudi kwa ile stori ya kupanga kwanza. Long rains zinaanza March, zinaenda hadi May. Hamia February. Tuseme keja ya two-bedroom ni thao kumi na nane: miezi sita ni 108,000, karibu sawa na deposit wanakudai chini ya hema, na hii inakununulia ukweli. Utajua maji inakuja siku gani, konda gani anaongeza fea, jirani gani ako na mbwa, na tope inafika wapi kwa buti. April ikinyesha vizuri, vaa gumboots utembee hadi ile ploti ulikuwa unamezea mate. Ukipata bauza imezama hapo mbele hadi ekseli, piga picha, alafu mtumie yule msee wa polo shirt muanze kubonga bei upya.